Mbwa anayesikia: mwongozo wa kumlea na kumfundisha mbwa huku Mtwara na Lindi

Huku kwetu Kusini mbwa hafugwi kwa pambo. Mjini Mtwara, Lindi au Masasi analinda nyumba na duka. Newala, Tandahimba, Nachingwea na Liwale analinda shamba, anafukuza ngedere na nguruwe pori, na korosho zikianza kudondoka anakesha na mwenye shamba. Lakini mbwa huyohuyo anaishi katikati ya kuku wa jirani, watoto wanaotoka madrasa, bodaboda zinazopita mlangoni na wazee wanaokwenda msikitini na udhu wao. Akishindwa kuishi nao, mwisho wake tunaujua: kupigwa mawe, kufungwa mnyororo maisha yake yote, au kutegewa sumu kwenye nyama. Wengi wa mbwa hao hawakuwa wabaya. Hakuna aliyewafundisha, na jambo hilo linaniuma kila ninapoliona.

Mbwa mwenye adabu si mbwa mpole asiyejua kulinda. Ni mbwa anayesikia: ukimwita anakuja, ukimwambia basi ananyamaza, mgeni akikaribishwa anamwacha apite. Mbwa anayemvamia kila mtu hakulindi, kwa sababu hatofautishi mwizi na shangazi yako. Na ile habari ya kumlisha pilipili ili awe mkali, iache kabisa. Pilipili inamuunguza mdomo na tumbo, haimfundishi kitu.

Kabla ya hatua yoyote: jinsi mbwa anavyojifunza

Mbwa hurudia jambo lililompa faida, na polepole huacha lile lisilompa chochote. Faida kwake ni chakula, kuguswa, kuchezewa, kutolewa nje, hata kelele zako. Akikurukia ukamsukuma huku unacheka, umemlipa. Akilia bandani ukaenda kumfungulia ili anyamaze, umemlipa, na kesho atalia zaidi.

Fimbo nayo inafundisha, ila haifundishi unachotaka. Mbwa aliyekula yai asubuhi akachapwa mchana hajui kwamba amechapwa kwa ajili ya yai. Anachojua ni kwamba ulikuja, na ulipokuja akaumia. Ndiyo maana anajikunja ukirudi nyumbani, na watu wanasema "anajua kosa lake". Hajui. Ameusoma uso wako na mkono wako, akaogopa. Mbwa wa namna hiyo ndiye anayekuja kumng'ata mtoto aliyenyanyua mkono kucheza. Tena tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inakataza kumtesa mnyama, na mbwa yumo.

Anayedhani njia ya zawadi ni ya mbwa wa sebuleni Ulaya aangalie Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panyabuku kunusa mabomu ya ardhini, na wengine kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya akipatia anasikia mlio mfupi, kisha anapewa chakula, ndizi mara nyingi. Hakuna fimbo popote. Panya wa aina hiyo walifanya kazi ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imemaliza kusafisha maeneo yake ya mabomu yaliyojulikana. Kama panya anafundishika kwa ndizi kiasi hicho, mbwa wako hashindwi kujifunza kuketi.

Hatua ya kwanza: mchukue kwa umri wake

Usimchukue mtoto wa mbwa kabla ya kutimiza wiki 8. Wengi wanapewa wakiwa na wiki nne au tano, ameanza kula uji kidogo basi anaonekana amekua. Hajakua. Katika wiki hizo za mwisho na mama yake anajifunza kitu ambacho wewe utapata tabu sana kumfundisha: nguvu ya meno yake. Akimng'ata mwenzake sana, mwenzake analia na mchezo unaisha. Aliyetolewa mapema hakulipata somo hilo.

Kuanzia wiki ya 3 mpaka karibu ya wiki ya 14 ubongo wake uko wazi kupokea dunia. Atakachokutana nacho kwa amani wakati huo atakiona cha kawaida ukubwani, na asichokutana nacho huenda akakiogopa au kukishambulia. Basi mwonyeshe maisha ya hapa. Mwanamke aliyevaa buibui, mzee wa kanzu na bakora, mtoto anayekimbia na tairi, bajaji, mbuzi, mwavuli, sauti ya adhana, mvua kubwa juu ya bati. Msimu wa jando na unyago ukifika na ngoma zinarindima usiku, kaa naye ndani, mpe chakula ngoma ikilia, azoee kwamba sauti ile haina madhara. Kila kitu kipya kiendane na kitu kizuri mdomoni, na umbali awe ameuchagua mwenyewe. Usimburute kumsogeza kwenye kitu anachokiogopa.

Kabla hajamaliza chanjo zake usimweke chini mahali mbwa wengine wanapozurura, kwa mfano pembeni ya soko au jalalani. Ugonjwa wa parvo unaua watoto wa mbwa haraka, na virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi. Mbebe mkononi au kwenye kikapu, aone dunia kutoka juu. Muulize afisa mifugo wa kata yako ratiba ya chanjo na dawa ya minyoo. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa akifika miezi mitatu, kisha inarudiwa kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na chanjo za pamoja mara nyingi huandaliwa karibu na siku hiyo, kwa hiyo mwezi huo ulizia ofisi ya kata au mtendaji wa mtaa.

Hatua ya pili: andaa vitu na saa ya kufundisha

Huhitaji duka la wanyama. Mkanda laini wa shingoni unaopitisha vidole viwili, kamba nyepesi ya mita mbili, nyingine ndefu ya mita kumi hivi (kamba ya wavuvi inatosha), na zawadi. Zawadi bora huku kwetu ni dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, waliokatwa vipande vidogo sana, kila kimoja kisizidi punje ya hindi. Ini la kuchemsha nalo linafaa kwa masomo magumu. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika vipande vikali. Chokoleti, zabibu, vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwake.

Chagua neno moja la kumsifu. Mimi natumia "safi". Linatamkwa palepale anapofanya jambo sahihi, halafu dagaa anafuata. Ukichelewa, umesifu jambo jingine: alikuwa ameketi, sasa anajikuna, na wewe unasema "safi" kwa kujikuna. Siku za mwanzo sema "safi", mpe dagaa, sema "safi", mpe dagaa, bila kumwomba chochote, mpaka akisikia neno hilo anageuka kukutafuta.

Fundisha kabla hajala, dakika tano tu, mara mbili au tatu kwa siku. Saa nzuri ni alfajiri na baada ya alasiri. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na jua la mchana la Mtwara linaweza kumwangusha. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye mchanga au lami. Kama huwezi kuvumilia, nyayo zake nazo haziwezi.

Kaeni na familia mkubaliane maneno. Baba akisema "lala", dada "chini" na watoto wanachanganya Kiingereza, mbwa atawaacha wote na maneno yao.

Hatua ya tatu: jina lake na "njoo"

Kama ungekuwa na nafasi ya kufundisha jambo moja tu, lifundishe hili. "Njoo" ndiyo inayomtoa barabarani, kwenye vifaranga vya jirani na mbele ya nyoka.

Anza ndani ya uwanja. Ita jina lake mara moja kwa sauti ya furaha. Akikutazama, "safi", dagaa. Akishazoea, rudi nyuma hatua mbili tatu ukisema "Tomi, njoo!" na uchuchumae, mbwa hupenda kumfuata anayeondoka kuliko anayemsogelea. Akifika, mpe dagaa huku ukishika mkanda wake kidogo, kisha mwachie aende kucheza. Kumwachia huko ni sehemu ya zawadi. Mbwa anayeitwa kila siku ili afungwe tu hujifunza kwamba "njoo" ni mwisho wa raha.

Ukishaona anakuja kila mara uwanjani, toka naye nje kwa ile kamba ndefu. Mwache anuse, mwite, akija mlipe vizuri kuliko nyumbani. Asipokuja usimwite mara kumi. Vuta kamba taratibu mpaka afike, msifu, na mara nyingine mwite akiwa karibu zaidi. Na kuna sharti ambalo familia nzima lazima ilishike: usimwite kamwe ili umgombeze. Hata kama amepasua mto wa mgeni. Hata kama umemfukuza nusu saa mtaa mzima. Akikufikia, amefanya jema, na jema linalipwa.

Hatua ya nne: "kaa" na "subiri"

Hii ni rahisi. Shika dagaa karibu na pua yake, inua mkono polepole kuelekea juu na nyuma ya kichwa. Pua ikipanda, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa chini, "safi". Usimkandamize mgongo kwa mkono. Akishaelewa ishara, ongeza neno "kaa" kabla ya kuinua mkono.

"Subiri" ifundishe kwa sahani yake ya chakula. Mwambie akae, shusha sahani, akinyanyuka, sahani inapanda, akitulia, inashuka. Hakuna haja ya kelele. Baada ya siku chache ataketi akitazama ugali wake na dagaa kwa utulivu mpaka umwambie "haya". Hamishia somo hilo kwenye geti, geti lifunguliwe yeye akiwa ameketi tu. Mbwa wengi wanaogongwa na magari hutoka kwa kuponyoka mlangoni.

Hatua ya tano: "hodi" na mgeni mlangoni

Hapa nitakaa kwa muda, maana ndipo ujirani unapovunjika.

Wengi wetu wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafii, na kwa Mashafii mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Dini haikukataza mbwa wa kulinda shamba, wa mifugo wala wa kuwinda. Lakini jirani aliyetia udhu, kanzu yake nyeupe ya Ijumaa imepigwa pasi, akirukiwa na mbwa wako mwenye miguu ya tope na ulimi nje, umemrudisha nyumbani kuosha na kubadili nguo huku imamu yuko mimbarini. Haki ya mtu huyo ni kubwa kuliko raha ya mbwa wako. Na mfugaji ambaye si Mwislamu anaijua haki hiyo vilevile, kama ni jirani mwema.

Kumkaripia mbwa asiruke hakumwelezi afanye nini badala yake. Mpe kazi ya kufanya mgeni anapofika. Mimi nashauri aende mahali pake.

Kunja gunia kuukuu, liweke ukutani au chini ya mti, hatua kama kumi kutoka getini, mahali penye kivuli. Usitumie mfuko uliobeba salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Tupia kipande cha dagaa juu ya gunia. Akikanyaga, "safi", kingine kianguke hapohapo. Akishuka, hakuna kitu. Muda si mrefu ataanza kwenda mwenyewe kusimama pale akikutazama. Sasa mpe neno: "guniani". Mwongeze kuketi, kisha kulala, kisha kubaki pale wewe ukienda getini na kurudi.

Likishakaa sawa, sema mwenyewe kwa sauti ya kawaida "hodi", nyamaza kidogo, kisha "guniani". Rudia siku kadhaa. Atafika mahali ambapo "hodi" peke yake inampeleka kwenye gunia. Hapo mtume mtoto nje ya geti aseme hodi. Halafu mtu mzima wa nyumbani, halafu jirani aliyekubali kusaidia. Katika hatua hii mbwa awe amefungwa kamba karibu na gunia, kamba ambayo haifiki njia ya mgeni, ili akikosea asimfikie mtu.

Mtazame siku atakapoweza kwa mara ya kwanza na mtu wa nje. Sauti inatoka nyuma ya geti. Masikio yanasimama, miguu ya mbele inatangulia kuelekea mlangoni, halafu anasita na kugeuza shingo kukutazama. Sema "safi" hapohapo, usingoje afike guniani. Atakimbilia gunia, ataketi huku mkia unafagia mchanga na miguu ya nyuma inatetemeka kwa hamu, na kila anapoendelea kukaa mtupie kipande kingine.

Mgeni naye aelekezwe kwa heshima.

"Shikamoo mzee. Karibu. Nakuomba upite taratibu tu, usimtazame."

"Marahaba. Haumi?"

"Kafungwa kamba, mzee. Tunamfundisha atulie wageni wakija."

Asiyetaka kuwa karibu na mbwa asilazimishwe kushiriki. Mbwa afungiwe, mgeni apite. Kwa wale wa nyumbani ambao mbwa anawarukia kwa furaha, dawa ni kugeuka, mikono ikunjwe kifuani, kimya. Miguu yake minne ikigusa chini ndipo asalimiwe. Ni lazima watu wote wa nyumba wafuate, pamoja na kijana anayependa kurukiwa akiwa na nguo za mpira. Mbwa hatambui nguo za mpira na nguo za Ijumaa.

Hatua ya sita: haja na meno

Mtoto wa mbwa hujisaidia akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza. Nyakati hizo mpeleke kona ileile, simama kimya, akimaliza msifu. Kipimo cha kukisia ni kwamba wa miezi miwili anaweza kujizuia kama saa tatu, wa miezi mitatu kama saa nne. Akikosea ndani, safisha tu. Kumsugua pua kwenye haja yake kunamfundisha kujificha akitaka kwenda. Kinyesi zoa kila siku ufukie. Kwenye mchanga wetu wa pwani minyoo ya mbwa huingia kwenye ngozi ya watoto wanaotembea pekupeku na kuwaachia mistari inayowasha miguuni.

Meno ya utotoni yanaanza kung'oka karibu na miezi mitatu na yanakwisha karibu na miezi sita au saba, na kipindi hicho chote anatafuna. Sokota khanga kuukuu, ifunge mafundo magumu, ilowanishe maji ya baridi umpe. Usimpe kandambili kuukuu, kwa sababu hataitofautisha na kiatu kipya cha baba. Akikung'ata vidole katika mchezo, mchezo usimame, ondoka kidogo. Kisha rudi.

Hatua ya saba: kuku, mbuzi na bodaboda

Kesi nyingi za mbwa zinazofika kwa mjumbe ni za kuku. Wapo wanaomfunga mbwa kuku aliyekufa shingoni mpaka aoze, wakiamini atawachukia kuku. Haijengi kitu, ni mateso na uvundo tu.

Mfunge kamba, simama mbali na kuku, mahali ambapo anawaona lakini bado anaweza kukusikia. Umbali huo unaweza kuwa hatua ishirini. Anawatazama, wewe ita jina. Akigeuka kukutazama, "safi", ini. Anawatazama tena, anageuka tena, ini. Utafika wakati akiona kuku anakugeukia bila kuitwa. Hapo sogea hatua moja. Akianza kukakamaa, mwili umelala chini na macho hayapepesi, umesogea mno, rudi nyuma. Kuku wakikimbia na kupiga mabawa ni mtihani mgumu zaidi kuliko kuku wanaokula, kwa hiyo jiandae. Mbuzi fundisha vilevile. Na usimwache peke yake na vifaranga hata kama anaonekana amefuzu, mpaka akomae na umemwona miezi mingi.

Bodaboda ni habari nyingine. Mbwa anapoikimbiza, pikipiki inaondoka. Kwake yeye ameshinda, ameifukuza, na kila siku anashinda tena. Hakuna zawadi utakayompa inayofikia ushindi huo, ndiyo maana kitu cha kwanza ni kumnyima nafasi: geti lifungwe, na barabarani awe kwenye kamba. Kisha kaa naye mbali na barabara jioni, pikipiki zikipita mlishe, zikishapita acha kumlisha. Dereva wa bodaboda akianguka kwa kukwepa mbwa wako anaweza kupoteza mguu na kazi. Lichukulie jambo hili kwa uzito huo.

Hatua ya nane: banda, mnyororo na kubweka

Desturi yetu ni kumfungia mchana na kumfungulia usiku. Sina ugomvi na banda lenye kivuli, hewa, maji na nafasi ya kugeuka na kunyoosha mwili. Ugomvi wangu ni na mbwa anayekaa kwenye mnyororo mfupi kutoka asubuhi hadi jioni akiwatazama watu wanavyopita. Hawezi kusogea wala kukimbia, kwa hiyo kinachobaki ni kutisha. Ukali huo ni woga. Mtoe alfajiri umtembeze nusu saa, mwache anuse. Utaona tofauti bandani.

Kubweka ni kazi yake, usimkataze kabisa. Akibweka, nenda uangalie, mwambie "basi" kwa sauti ya chini, subiri kimya kidogo, hata cha kuvuta pumzi, kisha mlipe. Ukipiga kelele kutoka ndani, anasikia na wewe unabweka naye.

Hatua ya tisa: shambani

Usimpeleke mtoto wa mbwa kwa nyani. Dume la nyani lina meno yanayoweza kumuua mbwa mkubwa, na nguruwe pori aliyejeruhiwa ni vivyo hivyo. Mbwa wa shamba kazi yake iwe kubweka na kufukuza mpaka mpakani, kisha kurudi ukimwita. Anayefuata wanyama hadi porini huishia kwenye mitego ya waya.

Wakati wa kupuliza salfa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, mwache nyumbani. Vumbi lile linamuwasha macho na pua. Maganda ya korosho mbichi yana mafuta yanayounguza, na mbwa akiyatafuna atababuka mdomo. Mabibo yaliyochacha chini ya miti yana kileo, usimwache ajilie. Dagaa wako na neno "acha" vitakusaidia: fumba dagaa kwenye ngumi, mwache alambe na kukwangua, akirudi nyuma, "safi", mpe dagaa mwingine kutoka mkono wa pili. Baadaye weka dagaa chini ya mguu, kisha njiani.

Mbwa mkubwa aliyeharibika, na mbwa anayeng'ata

Mbwa mkubwa anafundishika kwa hatua hizihizi, ila zinachukua muda mrefu zaidi. Kwa wiki za mwanzo mlishe sehemu ya chakula chake kwa mkono, mtembeze kwa kamba, usimtake mengi.

Jifunze kusoma mwili wake. Anayelamba midomo bila chakula, anayegeuza uso, anayeonyesha weupe wa macho, mkia umefichwa tumboni, ameogopa. Akinguruma anakuonya. Usimpige kwa kunguruma, kwa sababu utapata mbwa asiyeonya, anayeng'ata moja kwa moja. Mbwa anayelinda sahani yake usimnyang'anye. Pita mbali kidogo umtupie kitu kitamu zaidi, kila siku ukisogea kidogo, mpaka akikuona unakuja anafurahi. Watoto wasimguse akila wala akilala.

Mbwa akimng'ata mtu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke mtu hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa amechanjwa na jeraha ni dogo. Dalili za kichaa zikishatokea kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo, lakini chanjo inayotolewa mapema huzuia. Msingoje kuona mbwa atafanya nini. Mbwa mwenyewe asiuawe ovyo. Afungiwe mahali salama, aangaliwe siku 10, na afisa mifugo apewe taarifa. Mbwa aliyebadilika ghafla, anadondosha mate, hawezi kumeza, anayumba au anashambulia hata vitu visivyosogea, msimkaribie kabisa, toeni taarifa.

Kama ni mbwa aliyekuwa mtulivu na sasa anang'ata ukimgusa, usianze na mafunzo. Mchunguze masikio, meno, katikati ya vidole na chini ya manyoya, tafuta kupe, kidonda au uvimbe, ukiwa umemfunga mdomo kwa kitambaa laini kama anatisha, kwa muda mfupi tu maana hawezi kuhema vizuri. Ukikosa kuona kitu, mwite daktari wa mifugo kabla ya kumpa dagaa hata mmoja wa mafunzo.